Kuiongezea hewa injini ya mipigo miwili kwenye milima ya Goma: ekzosi, kompresa au turbo

Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo presha ya hewa ni karibu 0.845 baa, wakati ufukweni ni 1.013. Tofauti ni 0.17 baa tu, lakini ndiyo inayokula nguvu ya moto (pikipiki) yako: injini inavuta ujazo uleule kila mzunguko, ila hewa ni nyembamba, na karibu moja ya sita ya nguvu inapotea. Bukavu ni vilevile. Lubumbashi, kwenye mita 1,200, pengo ni kama 0.14. Ukipanda kutoka Sake kuelekea Masisi, au kutoka Kavumu hadi Tshivanga, unapita mita 2,000 na pengo linafika 0.22.

Kwa hiyo mwenye Yamaha DT125 au AG100 anapouliza habari za turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa ekzosi), hatafuti mashindano. Anatafuta kupanda mlima na mzigo bila kushuka hadi gia ya kwanza. Ishike hiyo namba 0.17, maana ndiyo itakayopima kila njia tunayoieleza hapa: tunataka kurudisha 0.17 baa, si zaidi.

Mlango usiofungwa kwa wakati

Injini ya mipigo minne hufunga vali zake kabla ya kubana hewa. Ya mipigo miwili haina vali kichwani. Pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikishuka inafungua kwanza tundu la ekzosi, kisha matundu ya kupitishia mchanganyiko kutoka chumba cha krenki, kilicho chini ya pistoni. Ikipanda, matundu ya kupitishia yanatangulia kufungwa na la ekzosi linafungwa mwisho. Kwenye injini ya 125 cc ya kazi, ekzosi hukaa wazi nyuzi 176 hivi za mzunguko na matundu ya kupitishia nyuzi 120 na kidogo. Zinabaki nyuzi zaidi ya 25 ambapo pistoni inapanda, hakuna kinachoingia, na njia ya kutokea iko wazi.

Presha yoyote uliyosukuma ndani inatokea hapo, pamoja na esansi (petroli) yako. Ndiyo sababu kompresa inayozungushwa kwa mkanda, ikifungwa kwenye injini ya kawaida ya mipigo miwili, huleta moshi, buji zilizolowa na tangi linaloisha haraka, bila nguvu ya maana.

Walioweza kutumia kompresa walibadili mlango kwanza. DKW ya Ujerumani ilitumia pistoni mbili kwenye chumba kimoja cha mwako, ya upande wa ekzosi ikitangulia, hivyo ekzosi ilifungwa kabla ya matundu ya kuingizia. Kwa mpango huo, na pampu ya ziada ya kusukuma mchanganyiko, Ewald Kluge alishinda mbio za 250 za Isle of Man mwaka 1938. Injini za dizeli za Detroit Diesel za familia ya 71 zina kompresa ya Roots, lakini zina pia vali za ekzosi kichwani, na kazi kubwa ya kompresa ile ni kufagia moshi. Bila yake injini haiwaki kabisa. DT yako haina pistoni pacha wala vali kichwani.

Kinachobaki ni kuuzuia mchanganyiko usitoke, kwa kuusukuma kutoka upande wa ekzosi. Hilo linafanyika kwa njia mbili. Ekzosi yenye tumbo na koni hulifanya kwa wimbi la presha. Turbo hulifanya kwa sababu pangaboi yake inaziba bomba kiasi. Nyingine zote ni kupoteza fedha, na mbili kati yake zinauzwa sana, basi tuzimalize kwanza.

Mdomo wa upepo na feni ya umeme

Mdomo mpana wa kukamata upepo mbele ya moto hauwezi kukupa kitu. Ukienda kilomita 60 kwa saa, upepo unaleta presha ya 0.0014 baa, chini ya moja ya mia ya tunachotafuta. Utakachokamata kwa uhakika ni vumbi.

Feni ya volti 12 inayoitwa turbo ya umeme ina tatizo jingine. Injini ya 125 kwenye mizunguko 8,000 inavuta hadi lita 1,000 kwa dakika. Kuzipandisha lita hizo kwa 0.17 baa kunahitaji wati 260 hata kama feni haipotezi kitu, na feni halisi inapoteza nusu au zaidi. Zidisha mara mbili: ni wati 500 na kitu, ampea zaidi ya 40. Magneto ya moto kama hizi haifiki hata robo ya hapo. Vifeni vinavyouzwa vinakula ampea 3 au 4, na kwenye mzunguko mkubwa vinageuka kizibo mbele ya kabureta.

Kabla ya yote: chumba cha krenki kisivuje

Chumba cha krenki ndicho kompresa ya kwanza ya injini hii. Kikivuja, hakuna ekzosi wala turbo itakayokusaidia. Utatoboa pistoni tu. Kipimo kinafanyika hivi:

1. Toa kabureta na ekzosi. Kata vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la lori, vibane kwa bamba la chuma juu ya mdomo wa kuingizia na tundu la ekzosi. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili matundu yote yawe wazi.
2. Funga buji ya zamani uliyoitoa matumbo na kuchomea vali ya gurudumu. Pampu ya baiskeli inatosha. Jaza hadi 0.4 baa, usipite 0.5, kwani sili za krenki zinaweza kuchomoka.
3. Subiri dakika sita. Kushuka kwa 0.07 baa kwa dakika ndio mwisho wa kuvumilia. Zaidi ya hapo kuna mahali panapovuja.
4. Paka maji ya sabuni kwenye gasketi ya chini ya silinda, maungio ya krenki, kiti cha klapeti (vibamba vya kuingizia mchanganyiko) na sili ya upande wa magneto (toa magneto kwanza). Povu litakuonyesha.

Sili ya upande wa giaboksi huioni kwa sabuni. Fungua kifuniko cha kujazia oili ya giaboksi, weka sikio au bomba jembamba lenye maji: mapovu yakitoka, sili imekufa. Dalili yake barabarani ni moshi mzito mweupe na oili ya giaboksi inayopungua bila kudondoka chini. Ya upande wa magneto ni hatari zaidi, kwani inavuta hewa kavu isiyo na esansi wala oili: mzunguko unabaki juu ukiachia gesi, na upande wa ekzosi wa pistoni unachunwa.

Klapeti ziangalie kwenye mwanga. Ncha ikiwa imeinuka zaidi ya 0.3 mm kutoka kwenye kiti chake, au ukiona ufa mdogo pembeni, badilisha. Usizigeuze upande wa pili ili ziendelee kutumika: kipande kikikatika kinamezwa na injini.

Kichwa cha silinda

Mwinuko unatupa faida moja: hewa nyembamba inavumilia kubanwa zaidi kabla ya kupiga kelele, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe. Hapa kuna nguvu ya bei ndogo kuliko yote kwenye makala hii.

Pima kwanza mwanya kati ya pistoni na ukingo wa kichwa. Chukua waya wa risasi wa mafundi wa redio, wa mm 2, uingize kupitia tundu la buji hadi uguse ukuta wa silinda, sawasawa na pini ya pistoni, zungusha magneto kwa mkono kupita juu kabisa, toa waya na upime ncha iliyobanwa. Rudia upande wa pili. Injini nyingi za kazi utakuta 1.5 hadi 1.8 mm. Kwa 125 lengo ni 1.0 hadi 1.2. Chini ya 1.0 usishuke: krenki yenye beringi zilizochoka itagongesha pistoni kichwani.

Kisha pima ujazo. Pistoni ikiwa juu kabisa na injini imelazwa ili tundu la buji liangalie juu, jaza oili nyepesi kwa bomba la sindano hadi zinapoanza nyuzi za kufungia buji. Chukua silinda ya mm 56 yenye mpigo wa mm 50, ekzosi ikifunguka pistoni ikiwa imeshuka mm 29. Ujazo unaobanwa kweli, juu ya tundu la ekzosi, ni 71 cc. Ukikuta 12 cc kichwani, uwiano wa kubana ni (71 + 12) ÷ 12, yaani 6.9. Kukata nusu milimita kichwani kunaondoa cc 1.2 kwa silinda hiyo, inabaki 10.8 na uwiano unakuwa 7.6. Kwa Goma ni salama, mradi esansi ni safi. Kwa moto inayoshuka mara kwa mara hadi Uvira au Kalemie, ambako hewa ni nzito zaidi, ishia 7.2.

Usikate kwa msasa juu ya meza. Peleka kwenye mashine ya kukerezea, kichwa kifungwe sawa, kisha upime waya wa risasi tena.

Esansi yenyewe: ile ya Kadhafi (wauzaji wa kando ya barabara) kwenye chupa na bidoni mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, na hayo yanashusha uvumilivu wa kubanwa. Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe kivulini. Esansi safi hukauka bila alama. Ikibaki duara la mafuta, usiitie kwenye injini uliyokata kichwa.

Geji ya kompresheni nayo isikudanganye. Kwa kuwa hewa ni nyembamba, injini nzima ambayo kitabu kinasema isome baa 10 huku itasoma 8.3 hivi.

Ekzosi yenye koni: kompresa isiyo na kitu kinachozunguka

Tundu la ekzosi likifunguka, wimbi la presha linakimbia ndani ya bomba. Likifika kwenye koni inayopanuka, sehemu yake inarudi kama mvuto: inanyonya moshi uliobaki, na inanyonya hata mchanganyiko mpya kutoka chumba cha krenki hadi mwanzoni mwa ekzosi. Wimbi linaendelea hadi koni ya nyuma inayofinyika, linagonga na kurudi kama msukumo, na likifika kwa wakati linaurudisha ule mchanganyiko ndani ya silinda sekunde ndogo kabla pistoni haijafunga. Hapo silinda inafungwa ikiwa na hewa nyingi kuliko ambayo ingejaa yenyewe. Ni kusukumia hewa kwa nguvu kamili, bila beringi, bila oili, bila waya.

Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeifikisha mbali: mwaka 1961 injini yake ya 125 ilitoa nguvu farasi 25. Aprilia RSA 125 za miaka ya mwisho ya mashindano ya 125, yaliyokoma 2011, zilipita 50. Hakuna kompresa humo ndani.

Urefu unapatikana hivi: 43,180 × nyuzi za ekzosi ÷ mizunguko unayotaka, jibu ni milimita, kutoka uso wa pistoni hadi katikati ya koni ya nyuma. Nyuzi usizikisie, funga duara la nyuzi kwenye magneto na usome tundu linapoanza kufunguka na linapofungwa. Mizunguko ndiyo uamuzi wa kweli. Ekzosi za mashindano zinazouzwa hupimwa kwa 9,000 na zaidi, na hiyo ni sababu watu wanafunga ekzosi ya ghali kisha moto inashindwa kupanda na gunia mbili. Kwa kazi ya milima chagua 7,000.

Kwa nyuzi 176: 43,180 × 176 ÷ 7,000 = 1,086 mm. Mwinuko haubadili hesabu hii, kwa sababu mwendo wa wimbi unategemea joto la moshi, si presha yake.

Vipande, kwa tundu la ekzosi la kipenyo cha ndani cha mm 38:

– Bomba la mwanzo: mm 340 ukipima kutoka pistoni (toa urefu ulio ndani ya silinda).
– Koni ya kupanuka: 38 hadi 95, urefu 400.
– Tumbo: kipenyo 95, urefu 218. Bati lake ni upana wa mm 298.5.
– Koni ya nyuma: 95 hadi 23, urefu 255.
– Bomba la mwisho: kipenyo cha ndani 23, urefu 275.

Kuchora koni kwenye bati bapa kunawashinda wengi bure. Tafuta mshazari: kipeuo cha pili cha (urefu² + (nusu ya tofauti ya vipenyo)²). Nusu kipenyo ya duara kubwa = mshazari × kipenyo kikubwa ÷ tofauti ya vipenyo. Nusu kipenyo ya duara dogo = ile ya kubwa kutoa mshazari. Nyuzi za kipande = 180 × kipenyo kikubwa ÷ nusu kipenyo ya duara kubwa. Kwa koni ya kupanuka: mshazari 401, nusu kipenyo ya duara kubwa 668, ya dogo 267, nyuzi 25.6. Kwa koni ya nyuma: 257.5, 340, 82 na nyuzi 50.3. Chora kwa kamba na msumari kwenye katoni kwanza, zungusha kwa mkono, ukiridhika hamishia kwenye bati.

Bati liwe la 0.9 hadi 1 mm. Bati la mabati lichunwe zinki kwanza kwa asidi, la sivyo moshi wake unaumiza mapafu na mshono unajaa matundu. Gesi ya asetilini ni bora kuliko umeme kwa unene huu. Mwenye umeme tu atumie vijiti vya mm 1.6 na apige nukta nukta kabla ya kufunga mshono. Ili koni ipinde kufuata fremu, ikate mshazari, zungusha kipande cha mbele nusu duara na uchomee: kila kata ya nyuzi 5 inapinda bomba nyuzi 10. Pima urefu kwa mstari wa katikati, si wa nje. Ukimaliza ziba mdomo mmoja, jaza maji, tafuta jasho kwenye mishono.

Kipenyo cha bomba la mwisho ndicho kinachoua injini. Kinatakiwa kiwe 0.58 hadi 0.62 ya kipenyo cha mwanzo, hapa 23. Fundi akikosa bomba la 23 na kuweka la 19, moto itaonekana na nguvu nzuri chini kwa siku chache, joto litapanda, na pistoni itayeyuka upande wa ekzosi. Likiwa pana sana unapoteza nguvu tu. Ukikosa kipimo, kosea upande wa upana.

Ekzosi ishikwe kwa mpira sehemu mbili, na maungio ya silinda yawe na springi, yasifungwe kwa bolti kavu. Barabara za mawe ya volkano zinatikisa kuliko kawaida, na ufa wa kwanza unatokea mm 50 kutoka silinda. Ufa huo ukivuta hewa, wimbi linakufa na kabureta inaonekana imeharibika ilhali haina kosa.

Kabureta

Jikileri (kitundu cha kupimia esansi ndani ya kabureta) ya kiwandani ya DT imewekwa kwa hewa nzito ya chini. Huku, bila mabadiliko mengine, jikileri kuu ipungue asilimia 6 hadi 8: ya 180 inakuwa 165 au 170. Ekzosi mpya inayovuta vizuri inarudisha mahitaji juu, mara nyingi karibu na namba ya mwanzo. Usikisie. Anza na namba kubwa, fanya mlima mrefu ukiwa umefungua gesi yote kwenye gia ya tatu, kisha zima swichi na ubane klachi kwa wakati mmoja, usimame, toa buji. Kaure ikiwa nyeusi yenye unyevu, punguza. Ikiwa kahawia ya kahawa kwenye pete ya chini kabisa, umefika. Ikiwa nyeupe au ina vidoa vya kung'aa, ongeza hatua mbili na usirudi kwenye mlima ule kabla hujaongeza.

Ukisikia mlio kama vijiwe ndani ya kopo wakati unapanda, ni mchanganyiko unaolipuka wenyewe. Funga gesi mara moja. Sababu, kwa mpangilio wa kutazama: esansi mbaya, hewa inayovuja, jikileri ndogo, moto wa buji unaowahi.

Tumia buji ya baridi hatua moja zaidi baada ya kukata kichwa, kwa mfano NGK B9ES badala ya B8ES.

Turbo, kama bado unaitaka

Inawezekana, na viwanda vimefanya. Rotax 850 E-TEC Turbo ya pikipiki za theluji za Ski-Doo, iliyoingia sokoni kwa msimu wa 2021, ilitoa nguvu farasi 165 na kuzishikilia hadi mita 2,400 hivi. Ni kazi ileile ya kulipia mwinuko tunayoizungumzia.

Ila pima ukubwa kwanza. Turbo ndogo zinazopatikana kwa mitumba ni za magari ya Kijapani ya 660 cc. Injini hiyo ya mipigo minne, kwenye mizunguko 6,000, inavuta karibu lita 2,000 kwa dakika. Moto ya 125 inavuta nusu yake. Pangaboi haitafika mwendo wa kusukuma kitu. Kwa 125 jibu ni hapana, na hakuna ufundi utakaobadili hilo. Kwa 250 na zaidi, au pacha ya 350 kama Yamaha Banshee, hesabu inakubali.

Usitupe ekzosi yenye koni. Turbo inafungwa baada ya bomba la mwisho, karibu iwezekanavyo, na bomba hilo lipanuliwe hadi mdomo wa turbo, kwani turbo yenyewe sasa ndiyo kizuizi. Presha inayojaa ndani ya ekzosi ndiyo inayozuia mchanganyiko kutoroka. Weka geji pande zote mbili. Presha ya ekzosi ipite kidogo ile ya kuingizia. Ikifika mara mbili yake, turbo ni ndogo mno na inapika pistoni.

Esansi ndiyo inayowashinda wengi. Tangi lililo sentimita 30 juu ya kabureta linatoa presha ya 0.02 baa tu. Turbo ikisukuma 0.17, hewa inarudisha esansi kwenye tangi na injini inakauka ikiwa imefunguliwa yote. Kwa hiyo unahitaji pampu ya umeme, regileta inayosoma presha ya turbo na kushikilia esansi 0.2 hadi 0.3 baa juu yake, na mipira ya kupumulia ya kabureta ipelekwe kwenye bomba la turbo, si nje. Shimo lolote la kabureta lililokuwa likipumua hewa ya nje lazima lipumue presha ileile.

Pampu ya oili ya kiwandani inaweza kuzidiwa na presha hiyo. Changanya oili kwenye tangi, 1 kwa 32, ya daraja la JASO FD ili isiache makaa kwenye pangaboi. Turbo yenyewe inataka oili yake, ya injini ya gari, kwa sababu moto haina mzunguko wa oili wenye presha: tangi la lita moja, pampu ndogo ya umeme, presha ya baa 1 hadi 2 mdomoni mwa turbo, na bomba la kurudi la mm 12 au zaidi, linaloteremka moja kwa moja. Likipanda hata kidogo, oili itapenya kwenye sili na kuingia kwenye injini.

Halafu vali ya kupunguza presha. Springi ya kiwandani ya turbo nyingi za gari inasubiri 0.5 baa au zaidi. Kutoboa kitundu kwenye mpira wake kunapandisha presha, hakuishushi. Lazima springi ibadilishwe kwa laini zaidi na mkono wake ulegezwe hadi geji isome 0.17, au 0.2 kwa anayeishi juu ya Kibumba. Ukibaki hapo, usiguse uwiano wa kiwandani wa kichwa: injini itakuwa inapokea hewa ileile iliyotengenezewa. Ukitaka zaidi, shusha uwiano hadi 6 au 6.5, rudisha nyuma moto wa buji nyuzi 2 hadi 3, na ujue krenki inaanza kulipa.

Sili za krenki zishikiliwe kwa kibamba kidogo cha chuma kwa nje, kwani sasa zinasukumwa muda wote. Na chujio: vumbi jeusi la lava ni kioo na mawe yaliyosagika. Pangaboi ya kuingizia inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika inalika makali kwa vumbi hilo. Weka sponji ya tabaka mbili iliyolowekwa oili, ndani ya boksi lililofungwa, mdomo ukiwa chini ya kiti, na ioshwe kila wiki wakati wa kiangazi.

Joto lipimwe kwa geji ya pete chini ya buji. Rotax 503, injini ya mipigo miwili ya ndege nyepesi inayopozwa kwa hewa, imewekewa ukomo wa nyuzi 250 kwenye pete hiyo na 650 kwenye moshi. Kwa moto, ukiona 220 kwenye pete wakati wa kupanda, punguza gesi.

Pistoni inakueleza nini ikitoka

Tundu katikati: buji ya moto mno, moto unaowahi, au jikileri ndogo. Ukingo uliolika kama umetafunwa na vidoa vidogo: mlipuko wenyewe, tafuta esansi na uwiano. Michubuko upande wa ekzosi tu: hewa inayovuja, oili pungufu, au bomba la mwisho jembamba. Michubuko sehemu nne kuizunguka: injini iliondoshwa ikiwa baridi, pistoni ikavimba kabla ya silinda. Hili la mwisho hutokea sana alfajiri huku Goma. Dakika tatu za kupasha zinatosha. Michubuko ya upande wa kuingizia, ikiwa na rangi ya kijivu ya majivu, ni vumbi, na usifunge pistoni mpya kabla ya kupaka grisi mdomo mzima wa boksi la chujio.

Baada ya mlima wa kwanza na ekzosi au turbo mpya, acha injini ipoe kabisa, kaza upya nati za kichwa kwa kupishanisha pembe, na urudie kile kipimo cha 0.4 baa.